Asiye na dini huzikwa na nani?

Yapo maswali ambayo mwalimu huyajibu papo kwa hapo, na yapo mengine ambayo humfuata hadi nyumbani, yakaketi naye mezani na kulala naye kitandani, hata akastaafu kabla ya kuyapatia jawabu. Mimi niliulizwa swali la aina hiyo ya pili na mwanafunzi wa kidato cha tatu, alasiri moja baada ya kipindi cha fasihi. Kijana huyo alikuwa ameazima maktabani riwaya ya Kichwamaji, kazi ya marehemu Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka wa 1974, akaisoma hadi ukurasa wa mwisho. Alisimama mlangoni pa chumba cha walimu akiwa ameikumbatia, akaniuliza kwa sauti ya chini ili walimu wenzangu wasisikie: "Mwalimu, mtu asiye na dini akifa, huzikwa na nani?"

Nilimjibu kwamba huzikwa na jamaa zake, kama watu wote. Akatikisa kichwa. "Na kama jamaa zake ndio waliomtenga?" Nikakohoa, nikatazama saa, nikamwambia kuwa kengele ilikuwa karibu kulia. Kijana akaenda zake. Nilijua nimemkwepa, naye alijua kwamba nimemkwepa.

Leo, ndugu msomaji, naomba ruhusa nilirudie swali hilo. Sikulijibu siku ile kwa sababu lilikuwa swali langu pia, na mwalimu hapendi kuonekana akitafuta jawabu la swali ambalo halimo katika mwongozo wake.

Kuuliza asiye na dini huzikwa na nani si utundu wa kitoto. Katika nchi yetu, kanisa na msikiti si mahali pa ibada tu. Ndipo mtoto anapopewa jina, ndipo wawili wanapooana, ndipo bili ya hospitali inapochangiwa, na ndipo jeneza linapobebwa. Mtu akilazwa, wa kwanza kufika na uji kwenye chupa ya chai ni akina mama wa jumuiya yake. Akifiwa, kamati ya mazishi huketi jioni iyo hiyo, na mweka hazina wake aghalabu ndiye mweka hazina wa kanisa. Kwa hivyo anayeiacha imani haachi mafundisho peke yake. Huacha pia mabega ya kumbeba.

Na watu wa namna hiyo wapo. Katika sensa ya mwaka wa 2019, Wakenya 755,750 walihesabiwa kuwa hawana dini, katika taifa la watu zaidi ya milioni 47. Ni takriban watu 16 katika kila elfu. Shule ya wanafunzi elfu moja, basi, ikifanana na taifa lake, itakuwa na watoto kumi na sita wa nyumba kama hizo, nao huinamisha vichwa gwarideni asubuhi wakati wa sala kama wenzao. Sisemi kwamba hao wote ni wanafalsafa. Wengine hawakuwahi kufikiwa na dini yoyote, wengine wamezembea tu, na wengine walikwaruzana na viongozi wao wa ibada. Lakini wamo pia waliofikiri usiku na mchana, wakafika mahali ambapo hawakukusudia kufika, na walipogeuka nyuma hawakumwona mtu.

Wahenga walisema kwamba mkataa wengi ni mchawi. Methali hiyo tumeifunza darasani miaka na mikaka, nami nimeisahihisha katika insha nyingi mno, wala sikuwahi kumwuliza mwanafunzi hata mmoja: je, huyo aliyekataa wengi akiwa na sababu? Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji, ni msomi anayepotewa na maana ya maisha, na mwishowe hujiua. Wahakiki wamelieleza tukio hilo kwa njia nyingi. Mimi, kwa kadiri ninavyozidi kuzeeka, naona kwamba msiba wake haukuwa shaka peke yake. Mtu anaweza kuishi na shaka. Kilicho kigumu ni kuishi na shaka bila mwenzi wa kuijadili naye.

Ilinichukua miaka mingi kumpata mwenzi huyo. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu nilipoalikwa na muuguzi mmoja wa zahanati, ambaye watoto wake niliwafundisha, nihudhurie mkutano wa kikundi chao. Alisema ni kikundi cha "watu wa utu". Nilidhani ni chama cha kuweka akiba. Nilifika, nikakuta watu tisa katika chumba cha nyuma cha hoteli ndogo sokoni, mbele yao birika la chai na sahani ya mandazi. Mwenye hoteli, Mwislamu mcha Mungu, aliwapa chumba hicho bila malipo almuradi wanunue chai, na hadi leo hajabadilisha sharti lake.

Walikuwamo walimu wawili wa shule za msingi, fundi wa pikipiki, mama auzaye nafaka, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, na vijana wawili waliokuwa wametoka chuoni na bado wanasaka kazi. Jumamosi ile ajenda ilikuwa moja. Muuguzi alikuwa na mgonjwa, mtoto wa miaka minne mwenye ugonjwa wa selimundu, na bibi wa mtoto huyo alikuwa ameshawishika kuwa jirani amemroga. Je, muuguzi anyamaze ili amani ya ukoo isivunjike, au aseme? Walizungumza kwa saa mbili. Hakuna aliyemcheka bibi. Walikubaliana kwamba ukweli usemwe, ila usemwe nyumbani kwa bibi, kwa lugha yake, na kwamba mama wa nafaka, aliyemfahamu ajuza huyo tangu ujanani, amsindikize muuguzi. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kwamba watu hawa hawakukusanyika kwa ajili ya kukana kitu. Walikuwa wamekusanyika ili kushughulikia kitu.

Mwezi uliofuata nilirudi, na mwezi wa tatu nikalipa ada yangu ya shilingi mia mbili na kuandikwa katika daftari.

Pengine msomaji atauliza: huu si uzungu mwingine? Swali ni la haki, na halijibiwi kwa hasira. Ni kweli kwamba muungano wa kimataifa wa vyama vya namna hii uliasisiwa ughaibuni, mjini Amsterdam, mwezi wa Agosti mwaka wa 1952, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimekwisha miaka saba tu kabla yake. Hapo ndipo lilipotolewa tamko ambalo limerekebishwa mwaka wa 2002 na tena mwaka wa 2022, likisema kwa ufupi kwamba mwanadamu aweza kuwa mwadilifu kwa kutumia akili na huruma yake, na kwamba anawajibika kwa wenzake. Aliyeongoza mkutano ule wa kwanza ni Julian Huxley, mtaalamu wa elimu ya viumbe aliyewahi kuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO. Walimu watavutiwa kujua kwamba Bwana huyo alifika huku kwetu mwaka wa 1929. Serikali ya Uingereza ilimtuma Afrika Mashariki kuchunguza namna biolojia ingefundishwa mashuleni, na safari hiyo akaiandikia kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1931. Alikuja kama mjumbe wa wakoloni, wala sina haja ya kumpamba. Lakini hata pale Amsterdam, Wazungu hawakuwa peke yao: miongoni mwa vyama vilivyouanzisha muungano kilikuwamo kimoja kutoka India.

Na neno lenyewe, utu, halikuja kwa meli. Lilikuwapo katika vinywa vya babu zetu kabla ya Amsterdam kuota ndoto ya tamko lolote. Tukisema "mtu ni utu", au "mtu ni watu", tunasema kwamba umbo la binadamu halitoshi. Mtu hukamilika kwa namna anavyowatendea wenzake. Shaaban Robert, ambaye alikuwa mcha Mungu hadi kufa kwake, alimwita mmoja wa wahusika wake Utubora, jina ambalo kila mwanafunzi anaweza kulifasiri bila kamusi. Hivyo utu si mali ya wasioamini. Ni shamba la jirani wengi, na anayelima upande mmoja hana sababu ya kung'oa mazao ya upande wa pili.

Aidha, kusema hadharani kwamba huamini si jambo lililoanza jana humu nchini. Mnamo Machi 1970, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka mwaka wa 2025, alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presibeteri la Afrika Mashariki jijini Nairobi. Alianza kwa kukiri kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Mzee mmoja aliinuka kumkemea, akamkumbusha kwamba hata jina alilokuwa akilitumia, James, lilikuwa la Kikristo. Ngũgĩ aliliona jambo hilo kuwa la kweli, na baadaye akaliacha jina hilo. Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kwa ajili ya jina. Mimi huitazama kwa ajili ya mkutano. Kanisa lilimwalika mtu asiye wake, yeye akaja akasema lililo moyoni, nao wakamjibu. Hakuna aliyetupwa nje. Ndivyo watu wazima wanavyopaswa kutofautiana.

Sheria ya nchi nayo iko upande wa mazungumzo hayo. Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo katika utangulizi wake inakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, inasema vilevile katika kifungu cha 8 kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinamlinda kila mtu katika dhamiri, dini, fikira, imani na maoni yake, na kinakataza mtu kushurutishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kifungu cha 36 kinampa kila mtu haki ya kujiunga na chama, na haki ya kutolazimishwa kujiunga nacho. Tena, sheria yetu ya viapo humruhusu shahidi asiye na dini atoe tamko la kweli badala ya kuapa kwa kitabu kitakatifu. Wengi wetu hatulijui hilo, kwa sababu hatujawahi kumwona mtu akiomba haki hiyo.

Hata hivyo, kati ya karatasi na maisha pana bonde. Chama cha Wakenya wasioamini Mungu kilisajiliwa mwezi wa Februari mwaka wa 2016; mwezi wa Aprili mwaka uo huo, baada ya malalamiko, Mwanasheria Mkuu alitangaza kwamba usajili huo umesimamishwa. Chama hakikufa, lakini fundisho lilisikika mbali na Nairobi. Kikundini mwetu kijana mmoja alituomba tulifute jina lake daftarini, kwani alikuwa amealikwa katika mahojiano ya kazi. Tulilifuta. Aliendelea kuja na kunywa chai pamoja nasi bila jina.

Fauka ya hayo, Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inataja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kimila na za kiserikali. Wawili wa kundi letu wakitaka kuoana huenda kwa msajili, kisha tukawapikia pilau. Na mtoto wao akienda shule hukuta masomo ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, achague mojawapo. Hatulii machozi kwa hayo. Nayataja ili mwalimu ajue kwamba anapomwambia mtoto "andika dini yako hapa", pana mtoto ambaye kalamu yake husimama.

Kwingineko mambo ni mazito zaidi. Mubarak Bala, mwenyekiti wa chama cha wanautu nchini Nigeria, alikamatwa Aprili 2020 kwa sababu ya maandishi yaliyodaiwa kuikashifu dini. Mwaka wa 2022 mahakama ya Kano ilimhukumu kifungo cha miaka 24. Mwaka wa 2024 mahakama ya rufani ikakipunguza hadi miaka mitano, naye akaachiliwa huru Januari 2025. Katika miaka hiyo yote waliomkumbuka, waliomwandikia na kumtafutia mawakili walikuwa watu wa vyama kama chetu, wengi wao wakiwa hawajawahi kumwona kwa macho. Mtu aliye peke yake gerezani husahaulika upesi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini nisije nikaonekana ninavisifu vikundi hivi kana kwamba havina kasoro. Vinazo, tena kubwa. Ya kwanza ni kiburi. Mtu akishatoka katika imani aliyokulia, huja na jeraha, na jeraha likichokozwa husema maneno makali. Jumamosi moja mmoja wa vijana wetu aliwaigiza akina mama wa mkesha, akipaza sauti na kutikisa mikono, na wengine wakaanza kucheka. Mama wa nafaka hakucheka. Alisubiri chumba kitulie, akasema: "Hao unaowaigiza walinilisha miezi miwili mume wangu alipofariki. Wewe ulinilisha siku ngapi?" Tangu siku ile mzaha wa namna hiyo haujasikika tena kwetu.

Kasoro ya pili ni kwamba tunapenda maneno kuliko kuni. Tunaweza kujadili asili ya maadili kutoka saa nane hadi magharibi, ilhali mwanachama mwenzetu amelazwa na hakuna aliyempelekea sabuni. Dini, kwa karne nyingi, zimejifunza kwamba binadamu hushikwa kwa mkono kabla ya kushikwa kwa hoja. Mwanautu asiyejifunza hilo ni msomaji wa vitabu tu, na usomaji wa vitabu, ingawa ni jambo jema, haumbebi maiti.

Hili la maiti nalisema kwa sababu nimelionja.

Mama yangu mzazi alifariki akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Alikuwa nguzo ya umoja wa akina mama kanisani kwake, na kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kimeshonwa upya mara tatu kwa uzi wa gunia. Mimi ni kitinda mimba wake. Alijua kwamba nimeacha kushiriki meza ya Bwana. Hakunigombeza, ila kila nilipomtembelea aliniombea mimi nikiwa nimeketi pale pale, kwa sauti, ili nisikie. Kakangu mkubwa ni mzee wa kanisa. Kamati ya mazishi ilipoketi, jina langu halikutajwa. Nilipouliza kazi yangu ni ipi, kakangu alinijibu bila kuinua macho: "Wewe utasimama nyuma, mdogo wangu. Usituaibishe mbele ya mchungaji."

Nilikubali. Lilikuwa kanisa la mama, na mazishi yalikuwa ya mama. Lakini usiku ule nilitembea peke yangu hadi kando ya shamba la miwa, nikakumbuka swali la yule kijana wa kidato cha tatu, na kwa mara ya kwanza nikaogopa. Nikajiuliza: kama leo nasimama nyuma katika mazishi ya mzazi wangu, kesho nitakapolala mimi, nani atasimama mbele?

Kesho yake jioni pikipiki tatu ziliingia uani. Fundi alikuwa amefunga mzigo wa kuni nyuma yake. Karani mstaafu alibeba mitungi ya maji, na mama wa nafaka aliteremsha gunia la mahindi na lingine la maharagwe. Hawakusalimia kwa hotuba wala hawakujitambulisha. Mama wa nafaka alifunga leso kiunoni, akaenda jikoni, akachukua mwiko akaanza kusonga ugali bega kwa bega na akina mama wa umoja. Saa tatu ya usiku jenereta ilizimika watu wakiwa katikati ya wimbo. Fundi aliinama gizani na tochi mdomoni, na haukupita muda mrefu taa zikawaka tena na wimbo ukaendelea pale ulipokatika. Kesho yake kaburini walisimama kimya, kofia mkononi, wakati wa sala, na udongo ulipoanza kurudishwa wakachukua sepetu kwa zamu kama waombolezaji wengine.

Baada ya chakula kakangu alinisogelea. "Hawa wageni wako ni wa kanisa gani?" akauliza.

"Hawana kanisa," nikamwambia. "Ni wenzangu."

Alinyamaza kitambo, akiwatazama. Hatimaye akasema: "Basi waambie wasiondoke kabla ya chai. Wamefanya kazi."

Sikuongeza neno. Hakunikumbatia wala hakuniomba radhi, na mimi sikutarajia. Lakini tulipoketi kupanga matanga ya mwaka, jina langu liliandikwa katika kamati, chini ya kazi ya kuni na maji.

Basi, kuwa mwanachama maana yake nini? Wapo wanaodhani ni kupata cheti cha ukaidi. Wapo wanaodhani ni kuhama boma moja na kujifungia katika jingine. Mimi nasema ni kukubali kubeba, na kukubali kubebwa. Na boma jema halijulikani kwa lango lake la kuingilia tu. Hujulikana pia kwa lango lake la kutokea. Mwezi wa Mei mwaka wa 2021 katibu wa kile chama cha wasioamini Mungu humu nchini alijiuzulu kwa sababu alikuwa amempata Yesu Kristo. Watu wengi walicheka. Mimi nililosikia kwa furaha ni taarifa ya chama chenyewe: walimshukuru kwa utumishi wake, wakamtakia heri katika uhusiano wake mpya, kisha wakatangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi. Hakulaaniwa wala hakufuatwa nyumbani kwake.

Linganisha na msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Sitaingilia yaliyo ya mahakama, wala sitawabebesha Wakristo wa nchi hii dhambi isiyo yao. Waliolia zaidi kwa msiba ule walikuwa ni Wakristo. Nasema tu kwamba pote pale ambapo mtu hawezi kuuliza, wala hawezi kuondoka salama, hata pakiitwa kwa jina tukufu namna gani, pamekwisha kuwa mtego. Kipimo hicho ni cha makanisa, ni cha misikiti, na ni chetu sisi wanautu pia.

Kwa walimu wenzangu nina maombi mawili. Mwanafunzi akikuletea shaka yake, usimkimbilie kwa kiboko cha maneno, na usimshangilie pia kana kwamba amepata alama. Msikilize. Darasa si mahali pa kuongoa, ama kwa kuingiza ama kwa kutoa. Huko Kasese, magharibi mwa Uganda, wanautu walifungua shule ya msingi mwaka wa 2011, na hupokea watoto wa dini zote. Mtoto wa Mkristo na wa Mwislamu huketi pamoja wakafunzwa kuuliza sababu. Hilo lawezekana hata katika shule yenye msalaba juu ya paa, mradi mwalimu asiogope swali.

Nanyi vijana, msiharakishe. Kuacha dini si ushujaa, na kubaki ndani yake si uoga. Mjue tu kwamba mwenye kuondoka anapaswa kwenda mahali, wala si kuondoka tu. Atakayewaambia kuwa akili yenu inawatosha bila watu, huyo hajafiwa. Na mkipata kikundi, msikipime kwa ukali wa hoja zake siku ya mjadala. Mkipime siku ya mvua, mwenzenu akiwa amelazwa na nauli hakuna.

Yule kijana wa kidato cha tatu sasa ni mtu mzima, popote alipo. Huenda ni mchungaji; huenda ni mwalimu kama nilivyokuwa mimi. Kama gazeti hili limemfikia, naomba aniwie radhi kwa siku ile niliyotazama saa. Jawabu lako nimelipata, mwanangu, ingawa nimechelewa. Asiye na dini huzikwa na wale aliowasaidia kuzika.